Raundi ikibana unampa nani 10? Namna ya kujaza kadi ya ngumi bila kuyumbishwa

Kuna raundi hata mtoto anajua nani kashinda, jamaa kapigwa dakika tatu nzima, kaenda chini, kahesabiwa, pale hakuna cha kufundishana. Shida ni ile raundi kengele inalia halafu watu watano mliokaa benchi moja mnaangaliana, wawili wanasema kona nyekundu, wawili wanasema bluu, mmoja anasema sare, na kila mtu yuko tayari kugombana. Raundi za namna hiyo ndo zinaamua mapambano makubwa na ndo zinafanya watu watoke ukumbini wanalia wizi, wakati mara nyingi hakuna aliyeibiwa, ni sisi tu hatujajua kuzisoma. Mi najaza kadi kwenye daftari miaka mingi sasa, ukumbini na kwenye runinga, na kuna siku naifurahia hiyo kadi kuliko pambano lenyewe, kwa hiyo ngoja niandike ninavyofanya, anayetaka kujifunza achukue.

Hesabu yenyewe nyepesi. Aliyeshinda raundi anapewa 10, aliyeshindwa 9. Akihesabiwa mara moja kwa kawaida inakuwa 10-8, mara mbili 10-7. Refa akikata pointi kwa rafu, unamaliza kwanza kutoa alama za raundi kama kawaida ndo unatoa hiyo moja, yaani aliyeshinda raundi akikatwa mnabaki 9-9. Majaji ni watatu, wamekaa pande tatu tofauti za ulingo, hawaongei, na kila raundi ikiisha kadi inakusanywa palepale, hakuna kurudi nyuma kurekebisha raundi ya 4 baada ya kuona ya 9.

Hilo la kutorudi nyuma ndo watu wengi linawashinda. Kila raundi inaanza upya kabisa, sahani imeoshwa. Bondia aliyepigwa vibaya raundi ya 3 hana deni lolote raundi ya 4, na aliyempiga hana akiba. Unakuta mtu anasema "huyu kampa mwenzake kipigo tangu mwanzo, hii nayo yake", hapana, hiyo siyo kutoa alama, hiyo ni kumbukumbu. Vilevile kuna ile ya huruma, unaona umempa mmoja raundi tano mfululizo, ya sita ikibana mkono unataka kumpa mwingine ili kadi isionekane ya upendeleo. Usifanye. Raundi kumi zinaweza kubana na zote kumi zikawa za mtu mmoja kwa kidogo kidogo, na ndo maana kadi inaweza kusoma 118-110 kwenye pambano ambalo macho yote yaliona limekaribiana. Kadi pana haimaanishi kipigo kilikuwa kipana, shika hilo, maana ndo chanzo cha nusu ya ugomvi.

Sasa vigezo. Utasikia vinne: ngumi safi zilizotua, kushambulia kwa faida, kuutawala ulingo, na kujilinda. Vinavyosomwa utadhani vina uzito sawa, lakini mi navipanga kwa foleni, na foleni inaanza na ngumi safi. Ukiweza kumpata mshindi pale pale mwanzo wa foleni, achana na vilivyobaki, raundi imekwisha. Ukishindwa kabisa kutofautisha ndo unashuka.

Ngumi safi ni ipi? Imetua kwa sehemu ya mbele ya glavu, pale penye vifundo, ikampata mtu usoni, pembeni mwa kichwa au kiwiliwili juu ya mkanda, na haikupita kwanza kwenye glavu au mkono au bega la mwenzake. Kuisoma kwenye karatasi rahisi, kuiona pale ulingoni wakati mikono inakwenda kasi ni kazi nyingine. Kitu kilichonisaidia mimi ni kuacha kuangalia mikono. Mikono inadanganya, ina kasi, ina rangi kali, inavuta macho. Angalia kichwa cha anayepigwa. Ngumi iliyofika inakirusha kichwa nyuma au inakizungusha, nywele zinatoa jasho, kidevu kinapanda. Ngumi iliyozuiwa kichwa kinabaki palepale. Kwa tumbo angalia kiwiko, mtu aliyepigwa mbavuni vizuri kiwiko kinashuka chenyewe kupaziba hata kama sura haijabadilika, na hatua mbili zinazofuata anarudi nyuma bila sababu. Ngumi za tumbo ndo zinazosahaulika kuliko zote kwa sababu hazipigiwi makofi, na mi naamini kwa dhati kwamba ukianza kuzihesabu, karibu kila pambano utapata raundi moja au mbili zinazobadilika.

Niliwahi kukaa upande mbaya wa ulingo, ukumbi mmoja pale Manzese, pambano la raundi nane, niko safu ya mbele kabisa na daftari langu. Raundi ya tano kijana wa kona nyekundu kamsukuma mwenzake kwenye kamba za upande wa pili, mgongo wake ndo unaniangalia mimi, anatupa mikono kama anapwaga mpunga, kushoto kulia kushoto kulia, ukumbi mzima umesimama, na mi nikasimama. Nikampa 10 bila kufikiri. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwalimu wa ngumi wa zamani, hakusimama, alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio. Kengele ilipolia akaniuliza, "mwanangu, umesikia ngumi ngapi?" Nikamwambia nimeona nyingi. Akasema "sijakuuliza umeona". Akanieleza kwamba glavu ikigonga glavu inatoa sauti ya kupiga kofi, kavu na ya juu, paa paa paa, lakini glavu ikigonga mwili inatoa sauti nzito ya chini kama mtu anatua gunia la mchele sakafuni, na yeye katika ile purukushani yote alisikia gunia mara mbili tu. Kesho yake kijana mmoja akanionyesha video aliyochukua na simu akiwa upande wa pili, na kweli, jamaa wa bluu alikuwa amefunga gadi, karibu zote zimeishia kwenye mikono, halafu katikati ya hizo kelele kamchoma mwenzake apakati mbili fupi, zile ngumi za kutoka chini kwenda juu, ambazo mi sikuziona kabisa kwa sababu mgongo ulinizibia. Raundi ile ilikuwa ya bluu. Tangu siku hiyo nikiwa nimezibwa na mgongo nategea sikio, na kama sijaona wala kusikia, siihesabu.

Na hii inaeleza kwa nini majaji watatu waaminifu wanatoa kadi tatu tofauti. Mmoja ana mgongo mbele yake, mwingine ana refa, wa tatu anaona kila kitu, raundi ijayo wanabadilishana bahati. Pambano la kwanza la Lennox Lewis na Evander Holyfield, Machi 1999 pale Madison Square Garden, jaji mmoja aliipa raundi ya 5 kwa Holyfield wakati watu wengine waliokuwa wanaangalia walimwona Lewis akimshindilia, na pambano likaisha droo dunia nzima ikakasirika. Kabla hujasema jaji kanunuliwa, jiulize alikaa wapi. Kamera ya runinga imekaa juu na upande mmoja, inakuonyesha kitu ambacho mtu aliyekaa chini ya kamba haoni, na pia inakuficha vitu ambavyo yeye anaviona.

Haya, tuseme ngumi safi zimekaribiana kwa idadi, mmoja katua kumi na mwingine tisa. Hapo usihesabu, pima uzito. Jebu tatu, zile ngumi nyepesi zilizonyooka za mkono wa mbele, za kugusa pua tu hazilingani na mkono wa nyuma mmoja uliomfanya mtu magoti yalegee. Lakini pia usiende kwenye upande wa pili wa kosa, kwamba ngumi moja nzito inafuta dakika nzima ya jebu, maana jebu ikiwa inatua na kurusha kichwa kila mara nayo ni ngumi inayoumiza, siyo ya kuchokoza tu. Mi hujiuliza swali moja la kawaida tu: mikono yote iliyofika raundi hii ukiikusanya, ningechagua kuwa nani? Nani asubuhi ataamka na maumivu zaidi? Mara nyingi jibu linakuja haraka kuliko unavyodhani.

Kushambulia kwa faida ndo kigezo kinachoharibu kadi za watu wengi, kwa sababu wanakumbuka "kushambulia" wanasahau "kwa faida". Kwenda mbele peke yake siyo pointi. Mtu anayemfuata mwenzake ulingo mzima halafu kila akifika anakula jebu, huyo anaenda mbele kupigwa. Na mfano mzuri kuliko wote uko hapa hapa Afrika, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Stori tunayosimuliana vijiweni ni kwamba Ali alijilaza kwenye kamba akapigwa na kupigwa mpaka Foreman akachoka, halafu raundi ya 8 akamwangusha. Stori nusu. Pambano liliposimama kadi zote tatu zilikuwa zinamwonyesha Ali mbele: 70-67, 69-66 na 68-66. Mtu aliyekuwa mgongo kwenye kamba ndo aliyekuwa anaongoza! Ukiirudia polepole utaona kwa nini, Foreman anazungusha mikono mikubwa inaishia kwenye viwiko na glavu, na Ali kila baada ya muda anatoa mkono wa kulia ulionyooka, mfupi, katikati ya uso, kichwa cha Foreman kinaruka. Ndo raundi ya kufundishia hiyo, zima sauti angalia raundi ya 5, Foreman anafanya kazi nyingi lakini uso unaovimba ni wake.

Kuutawala ulingo ni kujiuliza pambano linachezwa sehemu gani na kwa mwendo wa nani. Kuna bondia anarudi nyuma lakini yeye ndo anaamua kila kitu, anamvuta mwenzake anapotaka, anamgeuza, anamwacha akipiga hewa. Na kuna anayerudi nyuma kwa sababu amekimbizwa. Miguu inakuambia, anayetawala anarudi kwa hatua fupi na mizani iko sawa, anayekimbizwa miguu inapishana na akifika kwenye kamba anashtuka kuzikuta. Kujilinda nako nakuheshimu sana, ila peke yake hakunipi mshindi, maana ngumi uliyoikwepa inamnyima mwenzako tu, haikuongezei wewe mpaka urudishe kitu.

Sasa tuje kwenye mtego mkubwa kuliko yote, sekunde thelathini za mwisho. Akili ya binadamu inakumbuka kilichotokea mwisho, na mabondia wajanja wanajua. Marvin Hagler na Sugar Ray Leonard, Las Vegas, tarehe 6 Aprili 1987, Leonard alikuwa anangoja raundi ikaribie kuisha halafu anafungua kombinesheni za haraka, yaani ngumi mfululizo, watu wanalipuka, kengele. Majaji wakagawanyika, wawili Leonard 115-113 na 118-110, mmoja Hagler 115-113, na mpaka leo ukitaka kuvunja urafiki wa wapenda ngumi watu wazima, anzisha hiyo mada. Dawa yangu ni kuikata raundi vipande vitatu. Dakika ya kwanza ikiisha naweka alama ndogo kwenye daftari, nukta upande wa aliyeongoza, dakika ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Kama hakuna aliyeongoza naacha wazi. Kengele ikilia naangalia nukta kabla ya kusikiliza moyo wangu. Nukta mbili upande mmoja na zile sekunde za mwisho upande mwingine, basi zile sekunde zilitakiwa ziwe na kitu kizito kweli, mtu kayumba, mtu kashika kamba, ndo zizidi dakika mbili za kazi. Kelele tu hazitoshi.

Ngumi za wanawake ujue mara nyingi raundi ni dakika mbili, muda ni mfupi zaidi na raundi zinabana zaidi, nukta mbili zinatosha. Fatuma Zarika wa Kenya alipouchukua mkanda wa WBC, baraza la ngumi la dunia, kule Marekani mwaka 2016 majaji walikuwa wamegawanyika pia, ni raundi moja moja za namna hii ndo zilimpa.

Pointi moja inaweza kuwa pambano zima. Oleksandr Usyk na Tyson Fury, Riyadh, Mei 2024, raundi ya 9 Fury kayumba kona hadi kona, hakulala chini lakini refa kahesabu kwa sababu kamba ndo zilimshikilia, ikawa 10-8. Kadi za mwisho 115-112 na 114-113 kwa Usyk, 114-113 kwa Fury. Toa ile hesabu, ifanye 10-9 ya kawaida, kadi moja inakuwa 114-114 na pambano zima linakuwa droo. Kwa hiyo mtu akihesabiwa usimalizie hapo, endelea kuangalia raundi. Kama aliyedondoshwa alikuwa anaitawala raundi vizuri sana kabla na akaamka akaendelea kuitawala, kuna majaji wanaoandika 10-9 na mi siwalaumu. Na kinyume chake, mtu akipigwa dakika tatu bila kurudisha hata kitu, hajadondoka lakini yuko hoi, 10-8 inakubalika bila kuhesabiwa.

Je 10-10? Ipo kisheria, lakini majaji wanafundishwa waikwepe, na mi nakubaliana nao. Raundi ya dakika tatu kati ya watu wawili wanaotaka kuumizana, kupata usawa kamili ni nadra mno, mara nyingi unayeandika 10-10 umechoka kufikiri. Shuka kwenye foleni ya vigezo hadi mwisho, utampata.

Ngumi za ridhaa ziliwahi kujaribu njia nyingine kabisa. Baada ya Seoul 1988, ile Olimpiki Robert Wangila wa Kenya aliyochukua dhahabu kwa KO na Roy Jones kijana wa Marekani akanyimwa yake 3-2 dhidi ya Mkorea wakati hesabu ya runinga ilisema katua 86 na mwenzake 32, wakaleta kompyuta, jaji anabonyeza kitufe kila ngumi ikitua na wenzake wakibonyeza ndani ya sekunde moja inahesabiwa. Ikawa mchezo wa kugusa na kukimbia, ngumi ya kumtikisa mtu sawa na ngumi ya kumgusa paji, na za tumbo ndo kabisa zikapotea. Mwaka 2013 wakaiacha wakachukua hii hesabu ya 10. Mashine ilihesabu, haikupima.

Mazoezi sasa. Zima sauti ya runinga, hili siyo ombi, mtangazaji akishapenda mmoja utampenda na wewe bila kujua. Ziba pia ile kona ya skrini wanapoweka kadi zao. Mkiwa wengi kibandani kila mtu akae na karatasi yake na aandike ndani ya sekunde kumi baada ya kengele, kabla hajafungua mdomo, maana wa kwanza kusema huwavuta wote. Halafu, na hii ndo silaha yangu, kila raundi iliyonisumbua naizungushia duara. Pambano likiisha nahesabu. Tuseme raundi 12, A kashinda wazi tano, B kashinda wazi tatu, zenye duara nne. Zote nne akipewa A inakuwa 117-111, zote nne akipewa B inakuwa 115-113 yake. Kadi yoyote iliyoko ndani ya hapo, hata kama haifanani na yangu, ni kadi ya haki na siwezi kusimama kusema wizi. Ikitoka nje ya hapo, mfano mtu kampa A 119-109 au B 117-111, hapo nauliza maswali kwa sauti kubwa. Ungefanya hivi kwenye pambano la kwanza la Canelo Alvarez na Gennady Golovkin, Septemba 2017, ungeelewa kwa nini 115-113 ya Golovkin na 114-114 watu walizimeza lakini 118-110 ya Canelo iliwakaa kooni.

Anza na Hagler na Leonard, lina kila kitu nilichosema. Mi mara ya kwanza na sauti kadi yangu ilitoka 115-113 Leonard, niliporudia bila sauti na nukta zangu ikatoka 114-114, na raundi iliyohama ni ya 9, Leonard amebanwa kona, anatoka kwa fujo la mikono ambalo kwa makelele ya ukumbi lilionekana limemfunika Hagler. Nimeirudia mara nyingi tu, nakitazama kichwa cha Hagler na kuacha mikono ya Leonard, na bado hiyo raundi kwenye daftari langu ina duara.